Kabla hujawasha kamera sebuleni kwa mzee

Wadogo zangu mnaoingia kwenye filamu za historia yetu na Mjerumani, mimi nimezunguka Ruvuma miaka kadhaa nikirekodi familia zilizopoteza watu wao kwenye Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Sikilizeni kidogo.

Tarehe na majina hazitawasumbua. Kwamba nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, kwamba ukoo wake unatafuta mpaka leo kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani, kwamba Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika mji wa Songea Novemba 2023 akaomba radhi, yote hayo yameandikwa. Kigumu ni ukimya wa mzee pale unapomuuliza babu zake walisimama upande gani. Jeshi la Mjerumani lilijaa askari Waafrika, na kuna koo zenye waliokufa huku na waliofyatua risasi kule.

Siku moja nilimbandika mzee maikrofoni hata salamu hazijaisha. Akanisimulia dakika arobaini, yale yale anayowasimulia wageni wote. Nakunja waya, akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa, ndani mna kifungo cha shaba cha koti. "Huyu alikuwa kaka yake babu," akasema. "Alibeba bunduki ya Mjerumani." Nikamwomba arudie, niwashe kamera. Akafunga kopo. "Nimekuambia wewe, mjukuu wangu. Sijaiambia mashine."

Ile haraka ilinigharimu, na ilimuumiza yeye. Tangu hapo siku ya kwanza naenda mikono mitupu: nasalimia, nauliza nani kwenye ukoo anapaswa kuombwa ruhusa, nakula nilichokaribishwa. Wenye siri mara nyingi si wanaume waliotangulizwa kuongea. Waulizeni akina bibi habari za njaa. Mjerumani alichoma mashamba na maghala, na njaa iliua kuliko risasi. Bibi akianza kutaja mizizi waliyochimba porini mama zao, msimkatize hata betri ikiisha.

Filamu ikishahaririwa, rudini nayo ukoo uitazame kwanza. Wakisema toa, toeni.

Kwa yule mzee nilirudi mwaka uliofuata, bila kamera, na kilo mbili za sukari. Jioni ya pili alinitajia jina la yule kaka. Kwenye filamu yangu jina hilo halimo.