Madirisha ya Kanisa Kuu la Coventry: geuka nyuma

Ndugu yangu, umeuliza mbona uliingia Kanisa Kuu la Coventry, Uingereza, ukaona kuta tupu, na kwenye picha mna vioo vya rangi. Macho yako hayakukudanganya. Msanifu wake, Basil Spence, alizipanga kuta kama meno ya msumeno, na madirisha yote 10 yanatazama madhabahu. Ukiingia huyaoni, waona mwanga wake tu. Nenda hadi mbele kabisa, halafu geuka: kijani, nyekundu, zambarau, dhahabu, yote kwa mpigo. Maana yake ni safari ya mtu tangu kuzaliwa. Uliyoyapitia unayaona ukishafika. Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, dirisha la vibao hufanya karibu hivyo hivyo: aliye ndani aona njia, wa njiani haoni kitu.

Mimi nimekulia karibu na Mombasa Memorial, kanisa kuu la Kianglikana, na kuba lake na matao yake ya kipwani, kwa hiyo jengo la Coventry halikunivutia mwanzoni. Kilichonishika ni pazia la mchoraji Graham Sutherland lenye picha ya Kristo, lililofumwa Ufaransa, refu kama mita 23. Tazama chini, katikati ya nyayo za Kristo: pamesimama mtu, kimo chake kama changu na chako. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

Ukirudi, usiipite sehemu ya ubatizo. Birika ni jiwe zima kutoka Bethlehemu, halikuchongwa ila kibakuli cha maji juu yake, na nyuma yake vioo 195 vya msanii John Piper. Nenda asubuhi, jua likiwa upande huo.