Vifuu vya nazi kwa wahunzi na viwanda

Ndugu yangu, umeuliza kama vifuu vinavyorundikana unapokamulia mafuta ya nazi hapo Malindi vinaweza kuwa makaa ya kuyeyushia vyuma. Vinaweza, na ni afadhali mara mia kuliko kukata mikoko.

Kifuu ni kigumu kuliko mbao nyingi, ndiyo maana makaa yake ni mazito na hudumu motoni. Toa makumbi, vikaushe kabisa, vipange kwenye pipa lenye matundu machache chini, kisha uviwashe. Tazama moshi: ukiwa mweupe mzito, maji bado yanatoka, ukigeuka mwembamba wa buluu, funika na uzibe kila tundu kwa udongo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafunua pipa likiwa bado moto, hewa inaingia, wanaambulia jivu. Liache mpaka kesho yake! Kilo 100 za vifuu hutoa takriban kilo 25 hadi 30 za makaa.

Kwa aluminiamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660, yanatosha ukiwa na mvukuto mzuri. Kiwanda cha chuma ni habari nyingine. Brazili huyeyusha chuma kwa makaa ya mikaratusi, ila kwenye tanuri ndogo, maana makaa hupondeka chini ya uzito ambao koki (makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa) huuhimili. Anza na wahunzi wa karibu, wapelekee gunia moja la majaribio.

Na usichomee ndani ya nyumba, tafadhali. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na inaua.