Meli ya makaa ya mawe inafika lini?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama lishe, nawapikia makuli na madereva wa malori ya makaa ya mawe karibu na bandari ya Mtwara. Tumeambiwa meli ndogo ya kichele, ya kubeba mzigo usiofungashwa, inakuja Jumanne. Mwanangu kaitafuta kwenye simu, anasema iko katikati ya bahari na tangu jana haijasogea. Tena mahali pamoja imeandikwa 5,600, pengine tani 8,200. Nishike lipi? Mtaji wenyewe mdogo.
Mama lishe, Shangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekuwa karani wa shehena hapo bandarini mpaka nastaafu, na hasara ya sufuria la wali lililokosa walaji naijua.

Huenda meli inatembea, ila habari zake ndizo zimekatika. Meli za safari za kimataifa, kuanzia ukubwa wa 300 GT (kipimo cha nafasi ya ndani ya meli), hubeba mtambo wa AIS unaotangaza mahali zilipo kila baada ya sekunde chache zikiwa mwendoni. Minara ya pwani hunasa matangazo hayo kwa umbali wa maili 40 za baharini hivi. Zaidi ya hapo ni satelaiti, na hiyo mara nyingi hulipiwa. Kijana aangalie saa ya taarifa ya mwisho. Aitafute meli kwa namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli yenye tarakimu 7, maana jina hubadilika meli ikiuzwa, namba haibadiliki. Na hiyo "Mtwara, Jumanne" huandikwa kwa mkono na ofisa wa meli. Wengine husahau hata kufuta bandari waliyotoka.

Ile 5,600 ni hiyo GT, wala si uzito. Tani 8,200 ndiyo uwezo wa kubeba, pamoja na mafuta, maji, chakula na mabaharia, kwa hiyo makaa yatapungua hapo. Muulize wakala wa meli wanapakia tani ngapi jumla, na ngapi kwa siku. Gawanya, utapata siku zako za biashara.

Ikishafunga gati, mwombe kuli mmoja akusomee namba za kina, zinazoonyesha meli imezama kiasi gani, zilizopakwa kwenye omo, yaani mbele ya meli. Kila tarakimu ina kimo cha sentimita 10. Meli tupu huelea juu, rangi ya tumbo ikaonekana mkanda mpana. Asome asubuhi maji yamegusa namba gani, jioni asome tena. Maji yakikaribia ile duara yenye mstari ubavuni, alama ya mwisho wa kuzama kwa mzigo, upakiaji unaishia, nawe punguza kupika.

Mchele na maharage nunua sasa, havikuozei. Samaki na mboga ngoja kwanza, kwani meli inaweza kufika ikatia nanga nje, ikisubiri rubani, yule anayeiongoza meli kuingia bandarini, na nafasi gatini. Ukisikia rubani ameshapanda, nenda sokoni.