Bei bila uzito haimsaidii mtu

Msomaji mmoja wa Malindi ameniandikia. Kikundi chao kina daftari la bei za sokoni: mchicha, kunde, muhogo, samaki aina ya tafi. Wanataka kila mtu alitumie, wakauliza kama inatosha kupiga picha kurasa na kuzisambaza. Dada yangu, haitoshi. Picha ni ya kusomwa kwa macho, kompyuta haiwezi kujumlisha bei zake moja kwa moja. Ndilo kosa la ofisi nyingi zinazotoa takwimu za ukame na lishe ndani ya PDF, na linaniuma kila mwezi.

Anzeni na uzito. "Fungu la mchicha shilingi 20" halimwambii kitu mtu aliye Lamu. Wakati wa mvua fungu hunenepa, kiangazi hukonda, na bei ikabaki ile ile. Aliyeandika bei peke yake ataapa kwamba mchicha haukupanda mwaka mzima, kumbe fungu limepungua nusu na mama analipa maradufu kwa kila gramu anayomlisha mtoto.

Nunueni mizani ya jikoni ya kilo 5, inayosoma gramu moja moja. Kabla ya kupima, ijaribuni: wekeni chombo kitupu, irudisheni kwenye sifuri, mimineni lita moja ya maji. Isome gramu 1,000 au karibu sana. Hewa ya chumvi hula mizani upesi, kwa hivyo jaribio hili lisirukwe. Kisha pimeni mafungu 5 kwa wachuuzi 5 tofauti, saa ile ile kila juma. Yapangeni kuanzia dogo hadi kubwa, mchukue uzito wa la tatu. Wastani uacheni, maana fungu moja la kupendelewa huuvuruga. Kwa nafaka, andikeni kama kibaba ni cha mfuto, yaani kimesawazishwa mdomoni, au kimefurika.

Samaki apimwe mara mbili: mzima, kisha nyama mbichi iliyotolewa kichwa, matumbo na miiba. Majedwali ya vyakula vya Kenya ya 2018, yaliyotolewa na serikali pamoja na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, huhesabu virutubishi kwa gramu 100 za sehemu inayoliwa. Mkitumia uzito wa samaki mzima, mtahesabu protini ya miiba.

Katika jedwali, kila mstari uwe bei moja ya siku moja. Tarehe iandikwe 2025-07-03, kwa sababu 3/7 mwingine ataisoma Machi 7. Wekeni pia msimbo wa kaunti: wa Kilifi ni 003 na wa Lamu 005. Programu ya Excel hufuta hizo sifuri za mbele, basi ifanyeni safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuingiza chochote. Soko la Malindi liko karibu na latitudo -3.22, longitudo 40.12. Mkisahau alama ya kutoa, soko litaruka ikweta liende kaskazini mwa Kenya. Mkizigeuza nafasi namba hizo mbili, litaangukia Uhispania, si mbali na Madrid. Siku ambayo kunde hazikuletwa, bei iachwe tupu na sababu iandikwe kando. Sifuri maana yake mlipewa bure. Tena, tenganisheni majani ya kunde na punje zake, na kando ya jina la sokoni wekeni la kisayansi, kwani "changu" ni samaki wa aina kadhaa.

Hifadhini kwa CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingi hulifungua, na mwandike leseni: ile ya Creative Commons iitwayo CC BY 4.0 inaruhusu yeyote kutumia mradi awataje. Bila leseni, mtu mwangalifu hataigusa kazi yenu.

Majina ya wachuuzi yasiingie. Na kama kikundi kinapima pia mzunguko wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, ambapo chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni wa wastani, hapo nawasihi. Kijiji chenye watoto wawili wagonjwa kikitajwa, watoto wenyewe wametajwa. Jumlisheni kwa wadi, na hesabu iliyo chini ya 5 ifichwe. Sheria ya 2019 ya kulinda data inawahusu nyinyi pia.

Kenya ilifungua tovuti yake ya data huria, yaani data ambayo yeyote anaweza kuitumia, Julai 2011. Juni 2017 mawaziri walikutana Nairobi kwa ajili ya data huria ya kilimo na lishe. Ahadi tunazo tele. Basi zidaini. Sheria ya 2016 ya kupata habari inawaruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Tajeni wadi, miezi na zao mnalotaka, kisha mmalizie hivi: "Tunaomba jedwali lenyewe kwa CSV, pamoja na maelezo ya kila safu." Mkiyaacha maneno hayo, mtaletewa PDF.