Mtego wa ndege wa watoto wa Ireland
Mtego waliotengeneza watoto wa Ireland zamani haukuwa wa kumnyonga ndege, ulimfunika akiwa hai. Fito nyembamba zilipangwa zikipishana kwenye pembe, kila safu fupi kuliko ya chini yake, zikafungwa kwa kamba mpaka ukapata kitu kama tenga la kuku lililofunikwa. Upande mmoja uliinuliwa kwa kijiti, makombo ya mkate yakamwagwa chini. Ndege akigusa kijiti, au mtoto aliyejificha akivuta kamba, kwisha kazi! Msimu wake hasa ulikuwa theluji, ndege wakiwa na njaa. Maelezo yamo kwenye masimulizi waliyokusanya wanafunzi wa Ireland, 1937 hadi 1939. Ila leo usijaribu huko, sheria ya wanyamapori ya 1976 inalinda ndege wa porini.