Je, Mlima wa Zambarau ni Msiba?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu nilichoazima nimeona mandhari ya milima iliyochorwa kwa pasteli na msanii wa Ulaya, mwishoni mwa karne ya 19. Milima yote ni ya zambarau, hakuna mtu wala njia, na bondeni kuna mwanga wa manjano ingawa jua halionekani. Maelezo yanasema tu kwamba ni kazi ya usimbolisti. Mwalimu mmoja ameniambia kuwa zambarau ni msiba na manjano ni tumaini. Je, ndivyo picha hizi zinavyosomwa?
Msomaji, Kasese

JIBU: Ndugu msomaji, sivyo. Usimbolisti, yaani mkondo wa ushairi na uchoraji unaodokeza hisia na mawazo badala ya kuyataja waziwazi, ulitangazwa Paris mwaka 1886, mshairi Jean Moréas alipochapisha ilani yake katika gazeti la Le Figaro, na mwaka 1891 mshairi mwenzake Stéphane Mallarmé alieleza kwamba kukitaja kitu waziwazi ni kuliondolea shairi robo tatu ya raha yake, kwa sababu raha hiyo hutokana na kukisia kidogo kidogo. Wachoraji wengi wa mkondo huo nao walikwepa ishara zenye maana moja iliyokwisha kukubaliwa. Wakonzo wa huko kwenu wanaposimulia kwamba Kitasamba, mungu wao, anakaa kwenye theluji ya Rwenzori, jamii inamjua na inamheshimu kwa jina; mlima wa msimbolisti hauna mwenyewe anayejulikana.

Kabla ya kuzungumzia msiba, kagua kwanza kama hiyo zambarau ni jambo la macho tu. Wewe umeiona Rwenzori siku mawingu yanapoiachia: kutoka mbali huwa ya samawati, kwa kuwa hewa iliyo katikati hutawanya mwanga wa rangi hiyo. Basi tazama mawe yaliyo karibu kabisa na mtazamaji. Yakiwa na kahawia au kijani, na zambarau ikaongezeka kadiri milima inavyorudi nyuma, msanii amechora hewa. Yakiwa ya zambarau ileile ya kilele, ameikana hewa kwa makusudi, na hapo una jambo la kufasiri.

Manjano nayo ipimwe kwa vivuli. Kama miteremko inaangazwa kutoka chini, mwanga huo hautoki kwenye jua lolote, na kwa maoni yangu ndiyo habari kubwa ya picha yako, kuliko rangi zenyewe. Kukosekana kwa njia kunaitilia nguvu: mwanga unaonekana, lakini mtazamaji hakupewa pa kupita kuufikia. Ukiuita tumaini sitakupinga, ila ni tumaini lililofungiwa, jambo ambalo fasiri ya mwalimu wako haikuligusa.

Pasteli, ambayo wengi huidhania kuwa ni rangi hafifu tu, ni unga wa rangi ulioshikizwa kwa gundi kidogo ukawa kijiti. Hukwama kwenye mikwaruzo ya karatasi na husuguliwa kwa kidole hadi kingo zipotee. Odilon Redon, msimbolisti wa Ufaransa aliyefanya kazi kwa makaa na wino mweusi kwa miaka mingi, aliigeukia katika miaka ya 1890. Picha za vitabuni huufifisha unga huo, kwa hiyo tafuta nakala kubwa, kisha uchunguze manjano inapokutana na zambarau: ukingo uliosuguliwa unaonyesha mwanga unaoenea kuelekea milimani, na ukingo mkali unaonyesha kwamba milima imeuzuia.