Usiiuze hiyo bastola
Ndugu, umeuliza kama ushindane na bastola yako ya milimita 9 yenye vilengeo vya chuma, au uiuze ununue ya daraja la Open, ile ya kilengeo cha nukta nyekundu na kipunguza teke. Usiiuze! Ingia Production, daraja la bastola za kawaida za kiwandani zenye vilengeo vya chuma, katika mashindano ya kulenga shabaha ya IPSC (shirikisho la kimataifa la mchezo huo). Huko unaanza na risasi 15 tu kwenye magazini, na wote wanahesabiwa sawa: kwenye shabaha, eneo A la katikati ni alama 5, C linalolizunguka ni 3, D la pembeni ni 1. Ukitoka katikati unaumia kweli, na ndivyo mkono unavyofundishika. Mimi nilikuwa navuta kifyatulio kwa pupa, kilengeo cha mbele kinazama, risasi zinaangukia D. Macho yakikataa kukiona kilengeo vizuri, hapo nenda Production Optics, daraja kama hilo ila lenye kilengeo cha nukta nyekundu. Fedha zako ziende kwenye magazini za akiba na risasi za mazoezi.